Chico Mendes na ng'ombe wa Kondoa

Mwaka jana nilikwenda msibani Haubi, mashariki ya mji wa Kondoa. Jioni ya pili wanaume tulikuwa tumekaa chini ya turubai, chai ya tangawizi inazunguka, na mazungumzo yakaacha sifa za marehemu yakaingia mvua, yakatoka kwenye mvua yakaingia ardhi. Kwenye basi kutoka Dodoma nilikuwa nimesoma habari za Chico Mendes, yule mgema mpira wa Brazili aliyeuawa mwaka 1988 kwa kutetea misitu ya Amazoni. Mtu aliyesoma kitu juzi hawezi kunyamaza, kwa hiyo nikaanza kuwasimulia. Nikafika mahali ambapo wafugaji wakubwa wanaingia na misumeno ya moto, wanaangusha miti ili wapande majani ya ng'ombe, na yeye Chico na wenzake wanasimama mbele yao mikono mitupu.

Mzee mmoja, ambaye mwaka 1979 alikuwa kijana mwenye zizi lake, akanikatiza.

"Mwanangu, huyo bwana alikuwa upande wa msitu au upande wa ng'ombe?"

"Wa msitu, mzee."

"Basi huyo angekuwa adui yetu."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, na maongezi yakaendelea. Mimi sikuendelea. Nilirudi Dodoma na lile jibu, na kila nilipojaribu kulikosoa nikakuta limeshika pazuri. Kwa kawaida tunamsimulia mtetezi wa mazingira kama mtu ambaye kila mwenye akili timamu lazima awe upande wake. Mzee wa Haubi alikuwa amenyang'anywa ng'ombe kwa jina la mazingira, na hakuona sababu ya kumshangilia mtu kabla ya kujua zizi la nani limevunjwa.

Nianze na maisha ya Chico mwenyewe, maana bila hayo hoja haisimami.

Francisco Alves Mendes Filho alizaliwa tarehe 15 Desemba 1944 katika shamba la mpira karibu na mji mdogo wa Xapuri, jimbo la Acre, magharibi kabisa mwa Brazili, karibu na mpaka wa Bolivia. Nikisema shamba usifikirie mistari ya miti iliyopandwa kama mkonge wa Korogwe. Huko mpira unaota wenyewe, mti mmoja hapa, mwingine mwendo wa dakika kadhaa kule, katikati ya msitu mnene. Mgema anaamka kabla ya alfajiri, anapita njia yake ya msituni akichanja magome, anarudi mchana kukusanya utomvu, kisha anauchoma moshi mpaka uwe donge. Donge lile analipeleka kwa tajiri, na tajiri huyohuyo ndiye mwenye duka la chumvi, mafuta ya taa na risasi. Bei ya mpira anapanga yeye, bei ya chumvi anapanga yeye, na daftari la madeni linakaa kwake. Shule hazikuruhusiwa kwenye mashamba yale, kwa sababu mgema anayejua hesabu angeweza kulisoma lile daftari.

Chico alianza kugema akiwa mtoto, kando ya baba yake. Kusoma alifundishwa akiwa kijana na mkomunisti mmoja aliyekuwa amejificha msituni, Euclides Távora, kwa magazeti yaliyochelewa kufika na kwa redio. Nalitaja hili makusudi. Mtu tunayemwita shujaa wa mazingira alifundishwa kusoma kwa habari za siasa, akaingia kwenye harakati kupitia chama cha wafanyakazi wa mashambani, na kwa miaka mingi alichopigania kilikuwa daftari, bei na shule. Neno "ikolojia" lilikuja baadaye, tena likaletwa na wageni.

Katika miaka ya 1970 serikali ya kijeshi ya Brazili ilitaka Amazoni ijazwe watu na ng'ombe. Ikatoa unafuu wa kodi na mikopo kwa matajiri wa kusini, na hao wakaja Acre kununua mashamba ya mpira ambayo wenyewe wa zamani walikuwa wamefilisika. Wagema wakajikuta ni wavamizi mahali walipozaliwa. Jibu lao lilikuwa jambo waliloliita kwa Kireno empate, neno hilohilo linalotumika kwa mechi iliyotoka sare. Wanaume, wanawake na watoto waliandamana mpaka mahali pa kukata miti, wakasimama mbele ya vibarua wenye misumeno, wakawaomba waondoke. Mara nyingi vibarua walikuwa maskini kama wao. Mara nyingine waliondoka kweli, na mara nyingine polisi walikuja.

Chico alipata udiwani wa Xapuri mwaka 1977. Alipogombea ubunge wa jimbo, alishindwa. Mimi ninayeishi Dodoma, mwendo wa bodaboda kutoka bungeni, na ninayewaona waheshimiwa wakipita kila kikao cha bajeti, habari hiyo ilinigusa: mtu huyu aliacha alama kwenye sheria za uhifadhi za nchi kubwa kuliko zote za Amerika Kusini bila kukalia kiti cha chombo kinachozitunga.

Aliachaje? Mwaka 1985 wagema kutoka pande mbalimbali za Amazoni walikutana mji mkuu, Brasília, wakaunda baraza lao la kitaifa. Kwenye mkutano ule ndipo lilipotoka wazo la hifadhi ya aina mpya. Kwa desturi, hifadhi maana yake ni kuchora mpaka na kuwatoa watu. Wagema walisema mpaka uchorwe watu wakiwa ndani. Ardhi iwe ya taifa, asiweze mtu kuiuza wala tajiri kuinunua, lakini haki ya kuitumia iwe ya familia zinazoishi humo kwa kugema mpira na kuokota njugu za Brazili, na wao ndio wawe walinzi. Kwa kifupi, walikataa kupewa kila mmoja kipande chake na hati yake. Walijua kwamba mtu mwenye kipande kimoja na deni moja atakiuza mwaka wa njaa.

Tarehe 22 Desemba 1988, wiki moja baada ya kutimiza miaka 44, Chico alifungua mlango wa nyuma wa nyumba yake Xapuri, taulo begani, akienda kuoga. Askari wawili waliopewa kazi ya kumlinda walikuwa jikoni wakicheza domino. Risasi ilimpata pale mlangoni. Miaka miwili baadaye mfugaji Darly Alves da Silva na mwanawe Darci walihukumiwa kifungo cha miaka 19 kila mmoja. Ugomvi wao wa mwisho na Chico ulihusu eneo la msitu liitwalo Cachoeira, ambalo mfugaji alitaka kulifyeka na wagema wakamzuia.

Januari 1990, miezi 13 baada ya mazishi, serikali ya Brazili ilitoa amri iliyotambua rasmi hifadhi za namna ile. Machi mwaka huohuo ikatangazwa Hifadhi ya Chico Mendes, yenye ukubwa wa karibu hekta 970,000. Mwaka 2000 aina hiyo ya hifadhi ikaingizwa kwenye sheria kuu ya maeneo yaliyohifadhiwa ya nchi nzima. Taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi hizo, iliyoanzishwa mwaka 2007, inaitwa kwa jina lake.

Hapo ndipo simulizi nyingi zinapoishia, na mimi nina mashaka nazo kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ndogo. Tukimpa mtu mmoja sheria nzima tunawadhulumu wengine. Kabla ya Chico kulikuwa na Wilson Pinheiro, kiongozi wa wagema wa Brasiléia, mji wa jirani, aliyepigwa risasi mwaka 1980 ndani ya ofisi ya chama chao. Kulikuwa na mwanaanthropolojia Mary Allegretti, aliyesaidia kuitisha ule mkutano wa 1985. Kulikuwa na wanaharakati wa Marekani waliompeleka Chico Miami mwaka 1987 kwenye kikao cha benki iliyokuwa inakopesha fedha za barabara ya kuingia Acre, na mkopo ukasitishwa. Wenye kumpunguza Chico husema basi, bila wageni na bila kifo chake angebaki mwenyekiti wa chama cha wakulima wa wilaya asiyejulikana. Wana ukweli nusu. Kifo kilifungua mlango uliokuwa umekwama, lakini hoja iliyopita mlangoni ilikuwa imeandikwa miaka mitatu kabla, na watu waliojua maana ya daftari la tajiri. Wageni walileta kipaza sauti, maneno yalikuwa ya wagema.

Sababu ya pili ndiyo kubwa, na ni ileile ya mzee wa Haubi. Ng'ombe.

Sasa turudi nyumbani. Ukitoka Kondoa mjini kuelekea Kolo, pale penye njia ya kwenda kwenye michoro ya miambani, utaona upande wa mkono wa kulia vilima vya Irangi vimevaa kijani. Kijana wa leo anadhani vimekuwa hivyo siku zote. Waliozaliwa kabla ya uhuru wanakumbuka ardhi nyekundu iliyochanika, makorongo yanayomeza nyumba na barabara, mchanga unaoshuka kila masika na kufunika mashamba ya bondeni. Serikali ya mkoloni ilihangaika na eneo hilo tangu miaka ya 1930 na 1940. Mwaka 1973 serikali yetu ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Kwa miaka sita wakachimba makinga maji kwa mitambo, wakapanda miti, wakaziba makorongo. Ng'ombe wakaendelea kukanyaga na kula kila kilichochipua. Ndipo mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote, karibu 90,000 kwa jumla, iondoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256.

Iliondoka. Wengine waliswaga ng'ombe wao kwenda kwa jamaa na rafiki nyika za mashariki, nje ya mpaka. Wengine waliuza kwa bei ya anayejua kwamba huna la kufanya. Mradi ulikuwa na askari wake, na aliyekutwa na mbuzi ndani ya mpaka alitozwa faini.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa, maana wasomi wengi wa masuala ya haki za vijiji huruka sehemu hii. Ile amri ilifanya kazi. Ndani ya miaka michache majani yalirudi, vichaka vikafuata, mkondo wa maji uliokuwa unakuja kwa kishindo na kukauka kesho yake ukaanza kukaa. Watu wakalima kwenye michanga ya bondeni ambayo zamani ilikuwa ikihama kila mwaka. Nyuki wakarudi. Hakuna mkutano mkuu wa kijiji ambao ungepitisha azimio la kuondoa mifugo yote mwaka 1979, na anayesema ungepita hajawahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kama Kondoa ingesubiri makubaliano, huenda tungekuwa tunasubiri mpaka leo huku tukikanyaga mwamba mtupu.

Huo ndio upande wa amri, na nimejaribu kuusema kwa nguvu zake zote kwa sababu mimi siko upande huo.

Gharama yake haikuandikwa kwenye taarifa za mradi kwa uzito ule ule. Mzee wa Haubi aliniambia asubuhi iliyofuata, tukiwa wawili, kwamba mke wake wa kwanza alikuwa akiuza maziwa na siagi, na fedha ile ilikuwa yake mke, si ya mume. Ng'ombe walipoondoka, fedha ile ikakoma siku moja. Samadi ikakoma, na shamba la karibu na nyumba likachoka. Mahari ikawa jambo la kwenda kuomba kwa watu wa mbali. Miaka kumi baadaye mradi ukaanza kuruhusu ng'ombe wa maziwa wa kufugia ndani, lakini ng'ombe yule anahitaji banda, majani ya kukatwa, dawa, na fedha ya kumnunua. Aliyekuwa na ng'ombe 12 wa kienyeji hakugeuka kuwa mwenye ng'ombe mmoja wa kisasa kwa kupenda tu. Wengi walibaki bila chochote. Na wale ng'ombe walioswagwa hawakuyeyuka hewani. Walikwenda kula majani ya watu wengine, kwenye ardhi ambayo haikuwa na mradi wala wafadhili.

Sasa jiulize: Chico Mendes angekuwa Kondoa mwaka 1979, angesimama wapi?

Jibu la haraka ni kwamba angekuwa na HADO, kwa kuwa HADO ilitetea miti. Mimi sidhani. Chico alitetea haki ya watu wa mahali kutotolewa kwenye riziki yao kwa amri ya watu wa mbali wenye mpango mzuri. Huko kwake mpango wa watu wa mbali ulikuwa ng'ombe, kwetu ulikuwa miti. Nadhani angekwenda kukaa na wenye mazizi, angewauliza daftari linasomaje, na angewaambia kwa upole kwamba hili korongo linakuja nyumbani kwao na wao wenyewe wanaliona. Kilichomsaidia yeye ni kwamba riziki ya wagema na uzima wa msitu vilikuwa kitu kimoja. Mti ukikatwa, mgema hana kazi. Kondoa mambo hayakulala hivyo. Riziki ya mfugaji ndiyo iliyokuwa ikila kilima. Wanaotaka kulileta somo la Chico hapa kama lilivyo wananunua koti bila kupima mabega.

Tena hata kule kwao koti limeanza kubana. Mpira wa msituni ulishindwa sokoni na mpira wa mashamba ya kupandwa. Ajabu ya historia ni kwamba mbegu za mashamba ya Asia zilitoka Amazoni yenyewe, zikachukuliwa na Mwingereza mmoja mwaka 1876. Ulinzi wa bei uliokuwepo Brazili uliondolewa. Jimbo la Acre lilijaribu kuokoa hali: mwaka 1999 likapitisha sheria yenye jina la Chico ya kuwaongezea wagema fedha kwa kila kilo, na mwaka 2008 kikafunguliwa Xapuri kiwanda cha kondomu kilichotumia utomvu wa msituni. (Hili la kondomu sikulisema msibani.) Hata hivyo vijana waliokulia ndani ya hifadhi walipiga hesabu zao. Mpira unamsubiri mnunuzi. Ng'ombe anauzika siku yoyote, mtoto akiugua au ada ikidaiwa, na anatembea mwenyewe mpaka sokoni. Leo ndani ya hifadhi yenye jina la mtu aliyeuawa na wafugaji, kuna ng'ombe wengi, na wengi ni wa familia za wagema wenyewe na wa watu waliouziwa kinyemela maeneo humo. Hifadhi hiyo imekuwa miongoni mwa zinazopoteza msitu kwa kasi katika hifadhi za serikali kuu ya Brazili.

Wapinzani wa hifadhi zenye watu ndani hufika hapa wakapiga meza: mmeona? Watu ni walewale, waondoeni. Ningewasikiliza zaidi kama misitu isiyo na watu ingekuwa imesalimika. Kwa kipindi kirefu maeneo yenye wakazi wenye haki zinazotambulika yamesimama vizuri kuliko ardhi ya wazi inayoyazunguka, na Acre yenyewe ukiitazama kutoka juu, ule mpaka wa hifadhi bado unaonekana kwa tofauti ya rangi. Lakini siwezi kujificha nyuma ya hilo. Sheria ya Chico iliwapa watu ardhi, haikuwapa soko. Iliwalinda dhidi ya tajiri wa nje, haikuwa na la kumwambia mjukuu mwenye shida ya ada. Hili ni pengo la ndani ya sheria, na halikutokana na tabia mbaya ya wakazi.

Kuna mfano wa tatu ambao Watanzania tunausahau kwa sababu hauna risasi wala filamu, nao uko mwendo wa saa chache kutoka Kondoa. Panda mlima wa Bereko, shuka Babati. Kusini magharibi ya mji kuna misitu ya miombo ya Duru-Haitemba, karibu hekta 9,000, iliyozungukwa na vijiji vinane, kama Ayasanda, Gidas na Riroda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa katika maandalizi ya kuitangaza kuwa hifadhi yake. Vijiji vikaona vinapokonywa, na kama ilivyo kawaida ya mtu anayejua kitu kitachukuliwa kesho, watu wakaanza kuvuna leo. Msitu ukaharibika haraka zaidi kwa sababu ya tangazo la kuuokoa. Ndipo, mwaka 1994, maofisa wa wilaya na mkoa wakishauriwa na mtaalamu wa ardhi, Liz Wily, wakafanya jambo ambalo maofisa wetu hulifanya kwa nadra. Waliuliza. Vijiji vikasema: tuachieni sisi.

Wakaachiwa. Kila kijiji kikachukua sehemu yake, kikaweka walinzi wake, kikatunga sheria ndogo zake, halmashauri ya wilaya ikazipitisha. Baadhi ya matumizi ambayo maofisa walidhani lazima yaruhusiwe, wanakijiji wenyewe waliyapiga marufuku. Mwaka uliofuata vijiji vitano vinavyozunguka msitu wa Mgori, Singida, vikafuata njia hiyohiyo kwenye msitu mkubwa zaidi. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ikaikuta kazi hiyo inaendelea ikaibariki, na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 ikaipa jina, hifadhi ya msitu wa ardhi ya kijiji. Sheria ile ilijadiliwa na kupitishwa na Bunge, lakini mwandiko wake wa kwanza ulikuwa kwenye madaftari ya kamati za vijiji vya Babati na Singida.

Sina jina moja la kukupa la mtu aliyeileta sheria hiyo. Mwenyekiti wa kijiji fulani, mama aliyesimama mkutanoni, mlinzi aliyekataa rushwa ya gunia la mkaa. Jambo hili linanifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja. Linanifurahisha kwa kuwa hakuna aliyelazimika kufa mlangoni na taulo begani. Linanisikitisha kwa kuwa kitu kisicho na sura ni rahisi kukisahau, na kilichosahaulika ni rahisi kukipunguza kwa kanuni moja baada ya nyingine bila mtu kupiga kelele.

Anayekaribia kuwa na sura ni Edward Loure, Mmasai wa Simanjiro, ambaye familia yake ni kati ya zilizotolewa Tarangire ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Yeye na wenzake wa UCRT (Ujamaa Community Resource Team), shirika linalosaidia jamii kulinda ardhi yao, hawakuandika sheria mpya. Waliichukua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo watu walizoea kuisoma kama sheria ya kumpa kila mtu hati ya kimila ya kipande chake, wakaisoma upya: kama mtu mmoja anaweza kupewa hati, kwa nini jamii nzima isipewe moja? Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini wakapata hati ya pamoja, na mwaka 2016 Loure akapewa tuzo ya Goldman, ya kimataifa kwa watetezi wa mazingira. Yale yale ya Xapuri, ardhi isiyouzika kipande kipande. Na Yaeda wakaongeza kile ambacho Xapuri ilikosa kwa muda mrefu: msitu uliosimama ukaanza kuleta fedha, kupitia biashara ya kaboni, yaani kulipwa na watu wa mbali ili miti isikatwe. Kuna watu makini wanaoitilia shaka biashara hiyo, na wana hoja, kwa sababu bei inapangwa mbali na daftari liko tena kwa mtu mwingine. Chico angelitambua hilo daftari mara moja. Lakini kati ya daftari lenye kasoro na msitu usio na senti, mfugaji jirani atajua kuuchagua ule usio na senti aulishie.

Kwa hiyo ninaposimama ni hapa. Ninaichagua njia ya Duru-Haitemba kuliko ya Kondoa, na hata kuliko ya Xapuri, kwa sababu ilianza na kanuni zilizojaribiwa na watu waliozitunga kabla ya serikali kuzipa mhuri. Naichagua nikijua kwamba Babati haikuwa na matajiri wenye bunduki, na kwamba makorongo ya Kondoa mwaka 1979 huenda yalihitaji hatua ambayo kamati ya kijiji isingeithubutu. Ninachokataa ni ile tabia ya kuhesabu mafanikio ya amri kwa majani yaliyoota, huku ng'ombe waliotoka hawahesabiwi popote. HADO ingeweza kuwafidia wenye mazizi, au angalau kuleta ng'ombe wa maziwa mwaka uleule badala ya miaka kumi baadaye. Sweden walikuwa na fedha za mitambo ya kuchimba makinga maji. Fedha za mitamba zingekosekana vipi?

Mwezi wa pili baada ya msiba nilipita tena Haubi kwa ajili ya arobaini. Yule mzee alikuwa nyuma ya nyumba na ng'ombe wake mmoja wa maziwa, bandani, akikata matete kwa panga. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba nimelifikiria jibu lake, na kwamba yule Chico nadhani angekuwa upande wao. Nikamwambia pia kuhusu wajukuu wa wagema, kwamba sasa na wao wana ng'ombe mle msituni.

Akaacha kukata. "Mpira kilo moja wanauzaje?"

Nikamweleza kwamba ni fedha kidogo, na mnunuzi haji kila wakati.

"Na maziwa?"

Nikasema maziwa sijui, lakini ndama anauzika vizuri.

Akatikisa kichwa, akasema kitu kwa Kirangi ambacho sikukielewa, mjukuu wake akacheka. Kisha akanipa panga nimsaidie, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na ng'ombe alikuwa bado hajala.